Seretse Khama: Mrithi wa uchifu aliyetoa madini ya kabila lake kwa taifa

Alizaliwa 1921 Serowe, mrithi wa uchifu wa Bangwato. Mwaka 1948, akiwa masomoni London, alimuoa Ruth Williams, Mwingereza mweupe. Makaburu wa Afrika Kusini wakaja juu. Uingereza, iliyohitaji urafiki wao, ikampiga marufuku kukaa kwao. Aliruhusiwa kurudi 1956, baada ya kuukana uchifu.

Basi akaingia kwenye siasa. Botswana ilipopata uhuru Septemba 30, 1966, yeye ndiye rais. Nchi nzima ilikuwa na kilomita 12 hivi tu za lami. Ukame, njaa, na hela hakuna.

Kikwazo kingine kilikuwa sheria. Katika maeneo ya makabila, madini yalikuwa mali ya kabila. Khama akataka yawe ya taifa, akaanza na watu wake mwenyewe. Sheria ikapita 1967, na mwaka huo huo almasi ikagunduliwa Orapa. Kumbe ni ndani ya eneo la Bangwato hao hao! Kwa sheria ya zamani, kabila moja lingetajirika na mengine yangebaki kutazama. Ugomvi wa aina hiyo umeshavunja nchi.

Fedha za almasi zikajenga barabara, shule na zahanati. Uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika 1969, 1974 na 1979, huku majirani kama Zambia wakihamia chama kimoja.

Khama alifariki Julai 13, 1980, akiwa bado rais. Makamu wake, Quett Masire, akashika nafasi hiyo bila risasi kulia.