Mchungaji Dietrich Bonhoeffer (1906–1945): Mtumishi Aliyebeba Hatia kwa Ajili ya Jirani

Mchungaji Dietrich Bonhoeffer alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 katika mji wa Breslau, Ujerumani, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Alizaliwa pacha na dada yake Sabine. Alihitimu udaktari wa theolojia mjini Berlin mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 21, akabarikiwa kuwa mchungaji wa Kilutheri mwezi Novemba 1931.

Mwezi Januari 1933 Adolf Hitler alishika madaraka, na mateso ya Wayahudi yakaanza. Mwezi Aprili alifariki baba mkwe wa Sabine, Myahudi ambaye hakubatizwa. Familia ilimwomba Dietrich aongoze mazishi. Aliomba ushauri kwa mkuu wake katika kanisa, akashauriwa asikubali, naye akatii. Hakuvunja utaratibu wowote, lakini aliwaacha wafiwa wake katika saa ya msiba. Kabla ya mwaka kwisha aliwaomba msamaha kwa barua. Tangu hapo alijua kwamba mtu aweza kushika kanuni zote na bado akamkosea jirani yake.

Alijiunga na Kanisa la Ungamo, lililokataa kutawaliwa na itikadi ya Hitler, na kuanzia mwaka 1935 aliongoza chuo chake cha wachungaji, kilichohamia Finkenwalde, hadi polisi walipokifunga mwaka 1937. Mwezi Juni 1939 marafiki walimpatia kimbilio Marekani. Baada ya majuma machache alirudi, kwa kuwa aliona hatakuwa na haki ya kulijenga upya kanisa la nchi yake asiposhiriki majaribu yake.

Kuanzia mwaka 1940 aliingia katika idara ya ujasusi wa jeshi, ambamo shemeji yake, Hans von Dohnanyi, na wenzake walikuwa wakipanga kwa siri kumwangusha Hitler. Mwaka 1942 kundi hilo liliwavusha watu 14, wengi wao wa asili ya Kiyahudi, hadi Uswisi kwa kisingizio kwamba walikuwa mawakala wa idara hiyo. Hivyo mchungaji aliyefundisha ukweli aliishi kwa hila, na mhubiri wa amani alikubali njama ya kumwua mtawala.

Katika miaka hiyohiyo aliandika kitabu chake juu ya maadili. Alifundisha kwamba upendo humtazama jirani halisi, mahali alipo, na kuuliza anahitaji nini leo. Akiwa gerezani alitoa mfano wa mtoto anayeulizwa na mwalimu mbele ya darasa kama baba yake hurudi nyumbani amelewa. Ni kweli baba ni mlevi, lakini mtoto anakana. Kwa Bonhoeffer, mtoto huyo alilinda heshima ya nyumba yake, na kosa lilikuwa la mwalimu aliyeuliza asichostahili kuuliza.

Hata hivyo hakuifuta amri ya Mungu. Joseph Fletcher, mwanatheolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1966 juu ya maadili yanayofuata mazingira, alimtaja kama mfano. Fletcher alishikilia kwamba tendo la upendo ni jema kwa sababu hiyo tu. Bonhoeffer alikwenda njia ngumu zaidi: avunjaye amri ili kuokoa maisha asijihesabie haki, bali aibebe hatia yake mbele za Mungu na kutumaini neema peke yake.

Alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943, miezi michache baada ya kumchumbia Maria von Wedemeyer, akafungwa katika gereza la Tegel. Jaribio la kumwua Hitler la tarehe 20 Julai 1944 lilishindwa, na ushahidi dhidi yake ukapatikana. Alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 39. Dohnanyi naye aliuawa mwezi huohuo.

Rafiki yake, Mchungaji Eberhard Bethge, alikusanya maandiko yale juu ya maadili na kuyachapisha mwaka 1949. Ndani yake Mkristo hapati orodha ya majibu. Anakuta jirani aliye hatarini, amri ambayo haijaondolewa, na Mwokozi aliyebeba dhambi zisizo zake.