King Tubby: Fundi wa redio aliyegeuza mitambo kuwa ala za muziki

MPENZI wa reggae anayeabiri matatu jijini Nairobi huenda ameisikia kazi ya King Tubby mara nyingi bila kulijua jina lake. Wimbo unaendelea vizuri, ghafla sauti ya mwimbaji inakatika, ngoma na besi zinasalia peke yake, kisha neno moja linarejea kutoka mbali likijirudia mithili ya mtu anayeita bondeni. Mtindo huo huitwa dub. Aliyeufikisha kileleni hakuwa mwimbaji wala mcharazaji gitaa, bali fundi wa redio.

Jina lake halisi lilikuwa Osbourne Ruddock. Alizaliwa jijini Kingston, Jamaica, Januari 28, 1941, na akiwa kijana alihamia na jamaa zake katika mtaa wa Waterhouse, makao ya watu wa mapato ya chini. Huko alijipatia riziki kwa kutengeneza redio, televisheni na vifaa vingine vya umeme vilivyoharibika.

Wakati huo, Wajamaika wengi hawakuwa na uwezo wa kununua gramafoni. Waliburudikia uwanjani, ambako wenye mitambo ya muziki walipanga spika kubwa kubwa na kucheza santuri hadi usiku wa manane. Ushindani ulikuwa mkali, na aliyekuwa na besi nzito ndiye aliyevuta umati. Amplifaya zilipoungua, fundi ndiye aliyetafutwa. Ruddock alizifungua, akazichunguza, akasuka transfoma kwa mikono yake, na hatimaye akaunda mitambo yake mwenyewe aliyoipa jina Home Town Hi-Fi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini, mghani mashuhuri U-Roy alikuwa akiitumia kutumbuiza.

Katika miaka iyo hiyo, Ruddock alifanya kazi ya kukata santuri katika studio ya Treasure Isle, iliyokuwa mali ya Duke Reid. Humo watayarishaji walikuwa wameanza kuondoa sauti ya mwimbaji kwenye kanda ili wabaki na mdundo mtupu, ambao waghani wangeutumia uwanjani. Wengi waliuona kama njia rahisi ya kupata santuri ya pili kutokana na wimbo mmoja. Ruddock alitambua jambo jingine, kwamba ikiwa sauti yaweza kuondolewa, basi yaweza pia kurudishwa kidogo kidogo, ikapindwa na kutupwa mahali isipotarajiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini alifungua studio yake katika nyumba ya mamake, nambari 18 barabara ya Dromilly, Waterhouse. Chumba kilikuwa kidogo mno kutosha bendi, na waimbaji walirekodiwa bafuni. Mnamo 1972, kwa usaidizi wa mtayarishaji Bunny Lee, alinunua mtambo wa kuchanganyia sauti wa kampuni ya MCI kutoka studio ya Dynamic Sounds. Ulikuwa na njia nne tu za sauti, na studio hiyo kubwa haikuuhitaji tena.

Ufinyu huo ndio uliomfungulia njia. Kwa kuwa hakuwa na nafasi ya wapigaji ala, bendi zilirekodi kwingine na watayarishaji wakamletea kanda zilizokamilika. Alichobaki nacho ni mtambo wenyewe, nao akaugeuza kuwa ala. Ulikuwa na kichujio cha kuzuia sauti nzito, kilichowekwa na waundaji kwa ajili ya marekebisho ya kawaida. Yeye alikizungusha huku wimbo ukiendelea, ngoma zikakonda hadi zikasikika kama mvuke unaotoka kwenye sufuria.

Mwangwi aliupata kwa kutumia mashine kuukuu ya kanda. Aliunganisha ncha mbili za kipande cha utepe kikawa mzunguko. Sauti ilinaswa na kichwa kimoja cha mashine, ikasomwa na kingine baada ya muda mfupi, kisha ikarejeshwa mwanzo, hivi kwamba neno lilijirudia hadi likafifia. Kifaa chake kingine cha mwangwi kilikuwa na springi ndani, na kilipogongwa kwa mkono kilitoa mshindo kama wa radi. Hata mlio ambao mafundi hutumia kupimia mitambo aliuingiza kwenye nyimbo.

Umahiri huo ulizaa kazi ambazo hadi leo hutajwa miongoni mwa nguzo za dub, zikiwemo Blackboard Jungle Dub ya 1973, aliyoshirikiana na Lee Perry, na King Tubbys Meets Rockers Uptown ya 1976, aliyoshirikiana na Augustus Pablo. Ala ya Pablo ilikuwa melodika, kinanda kidogo cha kupuliza ambacho wengi walikiona kuwa kifaa cha watoto wa shule.

Hata hivyo, neema hiyo haikuwafikia wote. Mdundo uliorekodiwa mara moja ungeweza kutumiwa katika santuri nyingi, ilhali wapigaji ala aghalabu walilipwa kwa siku ile ya kwanza pekee. Haki za kazi hizo mara nyingi zilibaki mikononi mwa watayarishaji, na fundi aliyeusuka wimbo upya hakuhesabiwa kuwa mtunzi.

Utajiri wa Tubby uliodumu ulikuwa wanafunzi wake. Hopeton Brown, aliyekuja kujulikana kama Scientist, alianza kumwendea akiwa kijana mdogo mwenye hamu ya elektroniki. Lloyd James, yaani Prince Jammy, naye aliifanyia kazi studio hiyo kabla ya kujitegemea. Mnamo 1985 Jammy na mwimbaji Wayne Smith walitoa Under Mi Sleng Teng. Mdundo wake ulitokana na mmoja uliokuwa tayari umehifadhiwa ndani ya Casio MT-40, kinanda kidogo cha betri kilichokusudiwa kutumiwa nyumbani tu. Wimbo huo uliubadilisha muziki wa Jamaica. Mwalimu hakusononeka kupitwa na mwanafunzi. Mwaka uo huo, akiwa na studio mpya iliyo kubwa zaidi, alijibu kwa kutoa Tempo, wimbo wa Anthony Red Rose uliopigwa kwa mitambo ya kisasa.

Mnamo Februari 6, 1989, Tubby alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake mtaani Duhaney Park alipokuwa akirejea kutoka studio. Alikuwa na umri wa miaka 48. Muuaji hakupatikana.

Leo, katika nchi mbalimbali, kuna vijana wanaofungua vinanda vya watoto na vikaragosi vinavyoongea, wakaunganisha nyaya kwa namna isiyokusudiwa na kiwanda ili kusaka milio mipya. Wenye busara huanza na vifaa vya betri pekee, kwa kuwa umeme wa ukutani huua. Wengi wao labda hawajasikia habari za barabara ya Dromilly, lakini kazi yao yafanana na ya fundi yule wa Waterhouse, aliyeanza kwa kufungua redio za majirani ili ajue kwa nini zimenyamaza.