Maisha ya Abul-Qasim Az-Zahrawi, Tabibu wa Qurtuba

Msomaji wa vijitabu hivi amezoea kukuta humu habari za mafakihi na wapokezi wa hadithi. Mara hii tumependa kumweleza mtu aliyeshika kisu na banzi, ambaye waliovunjika mifupa na walioteguka migongo walikuwa wakiletwa mbele yake wamebebwa, naye hana budi kuamua, kabla ya kunyoosha mkono, ni yupi wa kutibiwa na yupi wa kuachwa. Uamuzi huo ni mzito kuliko kazi yenyewe ya kuunga mfupa, na kwa huo ndio sisi tunamhesabu katika watu wakubwa.

Jina lake ni Khalaf bin Abbas, kuniya yake Abul-Qasim, na nisba yake Az-Zahrawi. Wazungu wa zamani waliligeuza jina hili kwa ndimi zao wakamwita Albucasis. Nisba yake ni ya mji wa Az-Zahra, alioanza kuujenga Khalifa Abdurrahman An-Nasir mwaka 325 wa Hijra, sawa na 936 wa Miladi, kiasi cha kilomita 8 magharibi ya Qurtuba, mji mkuu wa Andalus, katika nchi ambayo leo ni Hispania. Kuzaliwa kwake nako hukadiriwa kuwa katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa mji. Qurtuba ya wakati ule ilikuwa ni mji wa misikiti, hamamu na wauza vitabu, na Khalifa Al-Hakam mwana wa An-Nasir, aliyetawala kutoka 350 mpaka 366 (961 mpaka 976), alipenda vitabu mapenzi ambayo wafalme wengine huyaweka katika farasi na lulu.

Walioandika tarehe za watu wa Andalus wamempa mistari michache tu. Al-Humaydi, aliyekufa mwaka 488 (1095), amemtaja kwa ubora, dini na elimu, kisha akapita. Naye sheikh wa Al-Humaydi ni Ibn Hazm, yule ambaye kwa muda alikuwa katika madhehebu yetu ya Shafii kisha akatuhama akaenda kwa Madhahiri. Ibn Hazm alimwahi Az-Zahrawi akamwona kwa macho yake, na kitabu chake akakisifu sifa kubwa. Na aujuaye ukali wa ulimi wa Ibn Hazm atafahamu kuwa sifa itokayo kwake si ya kupendeleana. Habari zilizobaki tunazipata katika kitabu chake mwenyewe, kwani alikuwa akieleza ugonjwa humweleza na mgonjwa aliyempitia mikononi.

Kitabu hicho ni At-Tasrif, na jina lake kwa ukamilifu lamaanisha kuwa kimetungwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kujikusanyia mwenyewe elimu hii. Kina makala 30, na kilitimia kiasi cha mwaka 1000 wa Miladi. Nyingi katika makala hizo ni za maradhi, dawa za kuchanganya na vyakula vya wagonjwa. Makala ya mwisho, ya 30, ndiyo ya kazi ya mkono, nayo ameigawa milango mitatu: wa kwanza ni wa kuchoma kwa moto, wa pili ni wa kupasua na kushona, na wa tatu ni wa kuunga mifupa na kurudisha viungo vilivyoteguka. Humo amechora sura za ala kiasi cha 200, kila moja mahali pake, apate mwanafunzi kuipeleka sura kwa mhunzi akafuliwa mfano wake. Wanafunzi wake huwaita wanawe, na maneno yake kwao ni ya baba anayeogopa mtoto asije akaua mtu.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Ameeleza kwamba katika nchi yake na zama zake kazi ya mkono ilikuwa karibu kutoweka, hayupo aijuaye vyema, na sababu yake ni kuwa watu waliiendea bila ya kusoma kwanza umbile la mwili: mifupa ilivyo, mishipa ipitapo, kano zinaposhikia. Kisha akataja aliyoyaona. Tabibu mmoja mjinga alipasua uvimbe wa shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, na yule mwanamke akafa mbele yake. Mwingine alijasiri kumtoa mzee jiwe kubwa la kibofu, akalitoa pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee hakukaa ila siku chache akafariki. Az-Zahrawi alikuwa ameitwa kwa mzee huyo kabla yake, akaliona jiwe na hali ya mgonjwa, akakataa.

Kisa cha tatu ndicho kinachohusu mifupa, nacho kinatia uchungu zaidi. Mtumishi wa mmoja katika maamiri alivunjika mguu karibu na kisigino, na pamoja na mvunjiko palikuwa na jeraha. Tabibu aliyekuwa akipokea mshahara kwa amiri huyo aliharakia kufunga mabanzi kwa nguvu juu ya jeraha, hakuacha hata upenyo wa kupumulia, kisha akamwacha mgonjwa siku kadha na kumkataza asifungue. Mguu ukavimba, unyayo ukavimba, mtu akakaribia kufa, ndipo alipoitwa Az-Zahrawi. Akaharakisha kufungua, na maumivu yakapungua pale pale. Lakini kuoza kulikuwa kumekwisha kushika, kukawa kunapanda siku baada ya siku mpaka yule mtumishi akafa. Mafakihi wetu wametaja katika mlango wa dhamana kwamba ajifanyaye tabibu na hali hajulikani kwa utabibu, hudhamini alichoharibu. Kisa hiki ni mfano ulio wazi wa kwa nini hukumu hiyo ipo.

Kwa ajili hiyo Az-Zahrawi amewausia wanawe wasiharakie kufunga mabanzi maadamu mahali pana uvimbe. Wangoje siku tano, saba au zaidi, mpaka uvimbe utulie. Mabanzi hayo kwa Kiarabu huitwa jabira, na kila mwanafunzi wa madrasa amekutana na neno hilo katika mlango wa udhu, anaposomeshwa kwamba mwenye jabira huosha palipo pazima, akapangusa kwa maji juu ya banzi na akatayamamu. Wengi husoma masala hii miaka wasijue banzi lenyewe hufungwaje. Amewakemea pia wale waungaji wajinga ambao mfupa ukishaungana kombo huuvunja tena kwa nguvu ili uungane upya, akasema kuwa hilo ni kosa na lina hatari kubwa.

Sasa tuje kwenye mgongo, ambao ndio mtihani wa mwenye kazi hii. Pingili za uti wa mgongo zimepangana juu ya nyingine, na katikati yake hupita uboho mnene utokao kwenye ubongo, na kwa uboho huo ndipo mikono na miguu hupata kuhisi na kujongea. Mfupa uliovunjika huunga. Uboho uliokatika hauungi, wakati ule wala leo. Basi Az-Zahrawi hakuanza kwa kuutazama mfupa, alianza kwa kuuliza habari ya uboho.

Akiletewa aliyevunjika pingili za shingo, hutazama mikono yake: je, imelegea na kufa ganzi, hawezi kuinyosha wala kuikunja? Humfinya, humchoma kwa sindano, aone kama anahisi. Akiwa hahisi wala hajongezi, hujua kwamba uboho umeumia, na mara nyingi mtu huyo hafiki mbali. Akiwa anahisi na anajongeza, basi uboho umesalimika, na mgonjwa akitibiwa atapona. Ikiwa palipovunjika ni mgongoni, hutazama miguu kwa namna hiyo hiyo, na huuliza kama haja ndogo na kubwa humtoka pasina yeye kukusudia. Zikikutana alama hizi zote, amewaambia wanawe wasimchoshe mgonjwa kwa matibabu. Asiyekuwa na alama hizo jambo lake ni jepesi: hutulizwa uvimbe kwa mafuta ya waridi, au mafuta hayo pamoja na kiini cha yai, hubandikwa dawa ya kutia nguvu, hufungwa, huamrishwa kutulia, wala halalii upande unaomuuma. Na ikiwa kipande cha mfupa kimekatika kikawa kinachoma, hupasuliwa ngozi kikatolewa, kisha jeraha likashonwa.

Hospitalini leo, pamoja na picha za eksirei na mashine zinazoona mpaka ndani ya uti, tabibu wa mgongo bado hushika sindano au kipande cha pamba na kuuliza mgonjwa kama anahisi, na bado humwambia ajongeze vidole vya miguu. Miaka 1000 imepita na suali ni lile lile.

Kuhusu pingili zilizoteguka zikatokeza nyuma, amefuata njia iliyoanzwa na Bukrat wa Wayunani. Mgonjwa hulazwa kifudifudi juu ya kitu kilicho sawa, na chini ya kifua chake hutandikwa matandiko yasiyomuumiza. Husimamishwa nguzo upande wa kichwa na nguzo upande wa miguu. Kitambaa laini chenye nguvu hupitishwa chini ya makwapa kikafungwa kwenye nguzo ya kwanza, na vingine hufungwa juu ya nyonga, magotini na kwenye vifundo vya miguu, vikafungwa kwenye nguzo ya pili. Wasaidizi huvuta huku na huku, naye tabibu huisukuma pingili kwa viganja mpaka irudi. Isiporudi, hutwaliwa ubao, ncha yake moja hutiwa katika tundu la ukuta ulio karibu, katikati yake hukaa juu ya pingili, na ncha ya pili hukandamizwa. Na akipenda huvuta kwa duara la kuzungushwa kwa mkono, mfano wa lile ambalo mabaharia wetu huvutia nanga. Ikirudi, hubandikwa dawa ya kukausha iliyochanganywa na ute wa yai, kisha banzi lenye upana wa vidole vitatu, kisha kitambaa.

Ataona msomaji kuwa ni matibabu ya nguvu, na matabibu wa leo hawakanyagi ubao juu ya mgongo wa mtu. Lakini tazama alivyoyazungushia mipaka. Kibyongo kilichompata mtu utotoni, amesema hakina dawa. Kilichotokeza mbele kifuani au pembeni, kadhalika. Aliyeteguka pingili nyingi kabisa na haja zikawa zinamtoka, huyo asiguswe. Njia nyingi walizozitaja wa kale ameziacha kwa kuwa aliziona hazina faida. Tena akatahadharisha kwamba wakati mwingine huonekana uvimbe mgumu mwisho wa pingili, mtu akadhani ni kuteguka, kumbe ni mfupa ulioota. Ukikandamizwa huo, mgonjwa huenda akafa. Kibyongo cha watoto alichokiacha, Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779, na baadaye ikajulikana kuwa mara nyingi ni kifua kikuu kilichoshuka katika pingili, ambacho leo hutibiwa kwa dawa za kumeza kwa miezi mingi na pengine kupasuliwa. Basi ubao usingelifaa kitu hapo. Alikuwa na haki ya kujizuia.

Katika chakula alikuwa na mpango mwema. Mwanzoni, hofu ya uvimbe ikingaliko, mgonjwa hupewa chakula chepesi. Mfupa ukianza kushika, hubadilishiwa akapewa vizito vyenye kunata: harisa, ambayo ndiyo bokoboko letu, na wali, na vichwa na makongoro, na mayai na samaki. Bibi zetu wa mwambao humpikia aliyevunjika mguu supu ya makongoro wala hawajapata kumsikia Az-Zahrawi.

Amewahusia wanawe pia juu ya mali. Maradhi ya hatari na yasiyotarajiwa kupona wasiyashike kwa tamaa ya ujira, hata wakitolewa fedha nyingi. Tahadhari yao iwe na nguvu kuliko hamu yao. Lakini msomaji asidhani kuwa alikuwa mtu wa kukimbia kila zito. Kijakazi mmoja alijikata koo kwa kisu, akaitwa, akamkuta anakoroma kama mnyama aliyechinjwa. Akatazama akaona damu iliyotoka ni chache na mishipa mikubwa imesalimika, akamshona na kumtibu mpaka akapona, ila sauti yake ilibaki ya kukwaruza.

Mwisho wa umri wake Andalus iliingia katika fitina. Mwaka 399 (1009) ukhalifa ulianza kuvunjika, na mwaka 1010 mji wa Az-Zahra ukaporwa, na hatima yake ukawa magofu. Az-Zahrawi alifariki baada ya mwaka 400, na wengi wamekadiria 404 (1013), Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kitabu chake kiliendelea na safari. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri kile cha kazi ya mkono kwa Kilatini katika mji wa Toledo. Guy de Chauliac wa Ufaransa, katika kitabu alichokitimiza mwaka 1363, amemtegemea Az-Zahrawi zaidi ya mara 200. Fasiri ya Kilatini ilipigwa chapa Venice mwaka 1497, na Kiarabu chake kikapigwa chapa Oxford mwaka 1778. Upande wa Waislamu, Sherefeddin Sabuncuoglu, tabibu wa hospitali ya Amasya katika nchi ya Waturuki, alikaa mwaka 1465, naye ana miaka kiasi cha 80, akaihamisha ile makala ya 30 kwa Kituruki, akaongeza yake mwenyewe na akamtunukia Sultan Muhammad Al-Fatih. Az-Zahrawi alikuwa amechora ala tu. Mzee huyu alichora kwa rangi na watu wenyewe, mgonjwa alivyolala na tabibu alivyoweka mikono. Nakala tatu za kitabu hicho zimebaki mpaka leo, mbili Istanbul na moja Paris.