Robert Kazadi: kipa wa vikombe vine
Hata Lwiro, timu ikipigwa, lawama inaanzia kwa kipa. Robert Kazadi Mwamba wa Lubumbashi aliijua hiyo. Akiwa na TP Englebert, ndiyo TP Mazembe ya leo, alibeba kombe la Afrika la vilabu 1967 na 1968. Na timu ya taifa, Kombe la Afrika 1968 kule Addis-Abeba na 1974 kule Cairo.

Tarehe 18 Juni 1974, ku kiwanja Parkstadion, Ujerumani, alitolewa dakika ya 20 hivi, Yugoslavia ikiongoza 3-0. Mechi iliisha 9-0: mabao sita hayakuwa yake. Siku ine nyuma, kiwanja ni kile kile, alirudi golini. Brazil ikafunga matatu tu. Alifariki 1996. Watu wanakumbuka tisa, vikombe vine wanasahau.