Willie Dixon: Mpiga besi aliyeanza na kopo na uzi mmoja

Kabla ya kuwa nguzo ya muziki wa bluzi mjini Chicago, Willie Dixon alipiga besi iliyotengenezwa kwa kopo la bati na uzi mmoja. Ala iliyo jamaa ya ile bado inavuma leo mitaani Lilongwe, na maisha ya Mmarekani huyo yana mengi ya kumwambia kijana wa Dzaleka anayeweka akiba ili anunue gitaa lake la kwanza la besi.

Nchini Malawi ala hiyo huitwa babatoni: ubao mrefu uliofungwa kwenye sanduku la kutoa sauti, na juu yake uzi mmoja tu. Gasper Nali, mwanamuziki wa Nkhata Bay kandoni mwa Ziwa Malawi, huupiga uzi huo kwa kijiti huku akiutelezesha kwa chupa tupu ya bia. Kundi la Madalitso, lenye watu wawili, lilianza kwa kupiga gitaa na babatoni katika mitaa ya Lilongwe, na kutoka huko likafika tamasha la Sauti za Busara Zanzibar na majukwaa ya Ulaya.

Kiasi cha kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, iko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wapinzani wa kisiasa katika enzi ya Rais Kamuzu Banda, na sasa wanaishi humo watu zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Tangu mwaka 2014 hufanyika pale Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na mshairi na mwanamuziki kutoka Kongo, Menes La Plume, na wakazi wa Lilongwe hufunga safari kwenda kusikiliza.

Kijana anayetaka kupiga besi katika mazingira hayo hukutana mapema na hesabu ngumu. Mkimbizi nchini Malawi amewekewa mipaka katika kufanya kazi na kuishi nje ya kambi. Gitaa la besi huagizwa kutoka nje, na bei yake hupanda kila kwacha inaposhuka. Mnamo Novemba 2023 pekee, sarafu hiyo ilipunguzwa thamani kwa asilimia 44. Tena gitaa peke yake halitoshi. Besi ya umeme bila amplifaya ni kipande cha mbao kisichosikika hata chumba cha pili, na nyuzi zake nne nene hugharimu kuliko nyuzi sita za gitaa la kawaida.

Dixon alianzia katika hesabu ya aina hiyo, tena mahali ambapo umeme haukuwa suala kabisa. Baadaye alikutana na hesabu nyingine iliyomchukua miaka mingi zaidi kuimaliza.

Mtoto wa Vicksburg

William James Dixon alizaliwa tarehe 1 Julai 1915 katika mji wa Vicksburg, jimbo la Mississippi, katika familia ya watoto 14. Mama yake, Daisy, alipenda kusema na kuandika kwa vina, na mtoto akairithi tabia hiyo. Alipokuwa kijana alikuwa tayari akitunga mashairi, akiyageuza kuwa nyimbo na kuyauza kwa vikundi vya mjini kwao. Hapo hakuna aliyemfundisha kwamba wimbo ukishauzwa huenda usirudi tena.

Sauti yake ilikuwa nzito. Seremala mmoja wa Vicksburg, Theo Phelps, aliyeongoza kikundi cha waimbaji wa nyimbo za dini, alimfundisha kupanga sauti na kumweka upande wa besi. Kwa hiyo Dixon alikuwa besi kwa koo lake kabla hajagusa uzi wowote. Alijua kazi ya sauti ya chini: kuwabeba wengine bila kuwafunika.

Mississippi ya wakati huo ilikuwa na upande mwingine pia. Akiwa bado kijana mdogo alifungwa katika mashamba ya magereza, ambako watu weusi walifanyishwa kazi ngumu kwa makosa madogo sana. Mwaka 1936 aliondoka kwenda Chicago, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi wa kusini waliokimbia umaskini na sheria za ubaguzi.

Ngumi kwanza, besi baadaye

Alikuwa mtu wa umbo kubwa, mrefu kupita milango mingi, na Chicago ilimtambua kwanza kama bondia. Mwaka 1937 alitwaa ubingwa wa mashindano ya Golden Gloves ya Illinois katika uzito wa juu kwa chipukizi. Aliingia ngumi za kulipwa, lakini baada ya mapambano machache akagombana na meneja wake kuhusu fedha alizoamini amedhulumiwa, na huo ukawa mwisho wa ulingo. Ni vyema kulikumbuka tukio hilo, kwa kuwa ugomvi wa fedha ulimfuata hata alipohamia kwenye muziki.

Ukumbi wa mazoezi ya ngumi ndiko alikokutana na Leonard Caston, mpiga gitaa na piano. Caston alimshawishi aingie kwenye muziki kwa uzito wote, na ndiye aliyemtengenezea besi ya kwanza: kopo kubwa la bati, na uzi mmoja.

Msomaji asiidharau ala hiyo. Yenye uzi mmoja haina mahali palipowekwa alama pa kubonyeza. Sikio ndilo linalotafuta noti, na mkono hufuata. Kule Mississippi watoto wengi walikuwa na chombo chao cha namna hiyo, waya uliopigiliwa ukutani na chupa ya kuutelezesha, na wapiga gitaa wengi wa bluzi walianzia hapo. Mtafiti wa Austria Gerhard Kubik, aliyeishi na kufanya kazi kwa miaka mingi Malawi na kupiga muziki pamoja na ndugu Daniel na Donald Kachamba wa Blantyre, aliandika mwaka 1999 kitabu kizima kuhusu Afrika na bluzi, akizifuatilia ala za uzi mmoja hadi chimbuko lake barani Afrika. Aliyezoea babatoni ya Lilongwe haoni ajabu.

Dixon na Caston waliunda kundi la Five Breezes mwaka 1939. Kisha vita vikaingia. Dixon alipoitwa jeshini alikataa, akishikilia kwamba hawezi kuipigania nchi inayowabagua watu wake kwa sheria. Alikaa gerezani miezi 10.

Besi isiyohitaji ngoma

Alipotoka aliendelea na besi kubwa ya kusimama, ile inayomfikia mpigaji kichwani, na mwaka 1946 yeye na Caston wakaanzisha kundi la Big Three Trio: piano, gitaa na besi. Hapakuwa na ngoma. Hali hiyo ilimlazimu mpiga besi afanye kazi mbili. Dixon aliuvuta uzi na kuuachia ujipige kwenye mbao, ukatoa noti na mlio wa kugonga kwa wakati mmoja, huku kiganja kikijibu mapigo yaliyosalia.

Umbo la bluzi lenyewe ni jepesi kulieleza. Ni mzunguko wa hatua 12 zenye mapigo manne manne, unaopita kwenye kodi tatu, kisha unaanza upya. Mpiga besi ndiye anayewajulisha wenzake kwamba kodi inabadilika. Akichelewa, kundi zima huyumba, na msikilizaji hajui hata nani wa kulaumiwa. Akifanya sawasawa, hakuna anayemtaja. Wapiga besi wa kambini na wa mjini wanaifahamu hali hiyo.

Mwaka 1951 Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa la besi la umeme, jepesi, linalobebwa begani na kusikika katikati ya kelele za baa. Taratibu, bendi za Chicago zikahamia huko. Dixon alibaki na besi ya kusimama, na rekodi alizopiga zinathibitisha kwamba hakukosea.

Mtu wa kila kazi

Wakati huo alikuwa ameshaingia kampuni ya kurekodi ya Chess, iliyomilikiwa na ndugu wawili wahamiaji kutoka Poland, Leonard na Phil Chess. Humo alipiga besi, alitunga nyimbo, alipanga muziki, alitafuta vipaji na kusimamia kurekodi. Besi yake imo katika rekodi ya kwanza ya Chuck Berry, Maybellene, ya mwaka 1955, iliyosaidia kuufungulia njia muziki wa roki.

Hata hivyo ni utunzi uliompa jina. Mwaka 1954 alimpelekea Muddy Waters wimbo Hoochie Coochie Man. Walikutana katika klabu aliyokuwa akipiga Waters, iliyokuwa na jina la kuwachekesha wasomaji wa pwani: Club Zanzibar. Wakajifunza wimbo huo chooni, wakati wa mapumziko, na Waters akauimba usiku uleule. Muundo wake, ambapo bendi nzima inapiga, inanyamaza, na kumwachia mwimbaji nafasi ya kunena, uliigwa na wengi. Howlin' Wolf akapata Spoonful na Little Red Rooster. Little Walter akapata My Babe. Koko Taylor akapata Wang Dang Doodle. Dixon alimpimia kila mwimbaji wimbo kama fundi anavyompimia mteja suti.

Mwaka 1962 alikuwa miongoni mwa wanamuziki walioletwa Ulaya na Wajerumani Horst Lippmann na Fritz Rau katika ziara iliyoitwa American Folk Blues Festival. Vijana wa Uingereza waliohudhuria ziara hizo walirudi nyumbani na kuanza kuiga. Desemba 1964 kundi la Rolling Stones lilishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa Little Red Rooster.

Nani mwenye wimbo?

Hapo ndipo hesabu ya pili ilipojitokeza. Nyimbo zilipigwa redioni kote duniani, lakini haki zake zilikuwa chini ya Arc Music, kampuni ya ndugu Chess na washirika wao, na kilichomfikia mtunzi kilikuwa kidogo mno. Tayari mwaka 1956 Dixon aliwahi kuondoka Chess kwa ajili ya malipo na kufanya kazi katika kampuni ndogo ya Cobra, ambako alimrekodi Otis Rush, kabla ya kurudi.

Mwaka 1977 yeye na Muddy Waters waliishtaki Arc Music. Kesi ilimalizika kwa makubaliano, na Dixon akaanzisha kampuni yake ya kusimamia nyimbo zake. Mwaka 1985 aligeukia kundi la Led Zeppelin, akidai kwamba wimbo wao Whole Lotta Love, uliotoka mwaka 1969, ulichukua kutoka You Need Love, aliyomtungia Waters mwaka 1962. Mwaka 1987 pande hizo zilipatana nje ya mahakama, na jina la Dixon likaingizwa katika orodha ya watunzi. Ilikuwa imepita miaka 18 tangu rekodi hiyo itoke.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini alichelewa hivyo. Aliyekulia katika mji ambako wimbo uliuzwa papo kwa papo, kwa fedha ya siku hiyo, hakuwa na mwanasheria pembeni yake. Besi inaweza kutengenezwa kwa kopo na rafiki mwenye mikono mizuri. Mkataba hautengenezwi hivyo. Wanamuziki wa Afrika Mashariki na Kongo waliouza nyimbo zao kwa malipo ya mara moja wanaijua habari hii bila kusimuliwa.

Afya yake wakati huo ilikuwa imezorota. Kisukari kilimfanya akatwe mguu, lakini aliendelea kupanda jukwaani. Albamu yake Hidden Charms, ya mwaka 1988, ilimpatia tuzo ya Grammy. Fedha alizozipigania alizielekeza katika taasisi aliyoiasisi miaka ya 1980, Blues Heaven, iliyojiwekea kazi mbili: kuwasaidia wanamuziki wakongwe kudai haki za nyimbo zao, na kuzipatia shule ala za muziki ili mtoto asiye na uwezo apate cha kushika.

Willie Dixon alifariki tarehe 29 Januari 1992 huko Burbank, California, akiwa na umri wa miaka 76. Mwaka uliofuata mjane wake, Marie, alilinunua jengo namba 2120 katika barabara ya South Michigan mjini Chicago, ambamo Chess ilirekodi nyimbo zake nyingi. Taasisi ya Blues Heaven ikahamishia ofisi zake humo.