Henri Cartier-Bresson, mpiga picha aliyeizika apareyi yake udongoni na kurudi kuichukua

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kijana mmoja Mfaransa aliona katika gazeti la Paris picha ya watoto watatu wakikimbia kuingia majini. Picha hiyo, iliyopigwa na Martin Munkácsi wa Hungaria, inajulikana hadi leo kwa jina la Ziwa Tanganyika, ziwa hilohilo linalooga miguu ya Uvira, Baraka na Kalemie. Kijana huyo alikuwa amejifunza uchoraji. Tangu siku hiyo alielewa kwamba apareyi ya picha inaweza kukamata uzima ndani ya nukta moja.

Jina lake ni Henri Cartier-Bresson. Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa nane 1908 huko Chanteloup, karibu na Paris, katika jamaa tajiri iliyokuwa inatengeneza nyuzi za kushonea. Alikuwa ametoka Côte d'Ivoire, ambako homa kali ilikaribia kumuua. Mwaka 1932, akiwa Marseille, alinunua Leica, apareyi ndogo ya Kijerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1925 na kampuni ya Leitz ya mji wa Wetzlar.

Wakati huo wapiga picha wengi walibeba apareyi nzito. Leica iliingia ndani ya mfuko wa koti. Cartier-Bresson alifunika sehemu zake zinazong'aa kwa utepe mweusi ili watu wasiione, kisha akatembea barabarani siku nzima. Karibu kazi yake yote aliifanya kwa lensi moja tu, ya milimita 50.

Kunako mwezi wa sita 1940, wakati wa vita vya pili vya dunia, Wajerumani walimkamata kwenye milima ya Vosges. Kabla ya kukamatwa, alikuwa ameizika Leica yake udongoni. Alikaa mateka muda wa miezi 35. Alitoroka mara mbili akarudishwa. Mara ya tatu, mwaka 1943, akafaulu. Alirudi Vosges akaifukua. Waliomfunga walikuwa Wajerumani, na apareyi ilikuwa ya Wajerumani, lakini hakuitupa.

Mwaka 1947 alianzisha shirika la Magnum pamoja na Robert Capa, David Seymour, George Rodger na wengine. Tarehe 30 mwezi wa kwanza 1948 alikutana na Gandhi mjini Delhi. Jioni ya siku ileile Gandhi aliuawa. Cartier-Bresson aliingia katikati ya umati wa waombolezaji na apareyi yake ndogo, na picha za mazishi yale zikazunguka dunia.

Rafiki yake Capa hakufungwa na jina la kampuni. Alianza na Leica, akahamia Contax, na siku mlipuko ulipomuua huko Indochina mwaka 1954, alikuwa na Contax na Nikon.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1959, Nikon ya Japani ilipotoa Nikon F, apareyi ya refleksi. Ndani ya refleksi mna kioo kinacholeta machoni picha ileile inayopita kwenye lensi. Kwa hiyo inafaa sana kwa lensi ndefu, kwa michezo, kwa wanyama na kwa vitu vya karibu sana. Lakini wakati wa kubonyeza, kioo kinaruka: kinapiga kelele, na jicho linaona giza kidogo.

Leica ya Cartier-Bresson ilikuwa ya aina ya telemetri. Mpiga picha anaangalia kupitia kidirisha kilicho kando ya lensi, na anaunganisha sura mbili kuwa moja ili picha iwe safi. Haina kioo cha kuruka, kwa hiyo haipigi kelele nyingi. Zaidi ya hayo, jicho linaona hata mtu aliye nje ya fremu, kabla hajaingia. Kwa mtu anayengojea nukta moja barabarani, hiyo ni faida kubwa. Hasara yake ni kwamba haimfai anayetaka kuvuta vitu vya mbali.

Waandishi wengi wa habari walihamia refleksi. Mwaka 1964 hata Leica yenyewe ilitoa refleksi yake. Kama Cartier-Bresson angekuwa mtumwa wa jina tu, angeweza kuifuata bila kubadili kampuni. Lakini aliendelea na ile ndogo ya telemetri. Uaminifu wake ulikuwa kwa namna yake ya kuangalia watu, na chombo kilichofaa namna hiyo ndicho alichokishika. Ni kweli pia kwamba Leica ilikuwa ghali, na yeye alitoka katika jamaa yenye uwezo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliiweka apareyi kando na kurudia penseli, kazi aliyoipenda tangu utoto. Alifariki tarehe 3 mwezi wa nane 2004, kusini mwa Ufaransa, akikaribia miaka 96. Miaka miwili baadaye, Leica ilitoa telemetri yake ya kwanza ya dijitali. Wengi wameacha filamu, lakini anayechagua apareyi leo bado anapaswa kujiuliza kwanza ni kitu gani anataka kuona, kisha ndipo aangalie jina lililoandikwa juu yake.