Andersen: Mtoto wa mama fua aliyechekwa kwa kuwa tofauti

Bila shaka ushaisikia hadithi ya kifaranga wa bata aliyefukuzwa na wenzake kwa sababu ya sura yake. Pengine ulisimuliwa chekechea, ama uliiona kwenye katuni. Sasa hebu nikuulize: unamjua aliyeiandika? Ni Hans Christian Andersen, na ukijua alikotoka utaelewa kwa nini uchungu wa kifaranga yule unafanana sana na wa binadamu.

Andersen alizaliwa tarehe 2 Aprili 1805 mjini Odense, Denmaki. Kwao hapakuwa na kitu. Babake alikuwa fundi viatu na mamake mama fua, yaani alisimama mtoni kwenye maji ya baridi akifulia watu nguo. Babake alifariki 1816, mtoto akiwa na miaka 11 tu.

Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye pua kubwa. Wenzake wakicheza nje, yeye alikuwa ndani akishonea wanasesere wake nguo na kuwatungia michezo ya kuigiza. Alipopelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, aliimba kwa sauti nyororo mno hata wafanyakazi wakaanza kubishana kama ni mvulana au msichana. Wakamkamata kwa nguvu ili wahakikishe. Watu wazima hao! Mtoto alikimbia kwa mamake akilia, na hakurudi tena. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe baadaye katika kitabu cha maisha yake.

Mnamo 1819, akiwa na miaka 14, alifunga virago akaenda jijini Copenhagen kusaka maisha. Hakuwa na ndugu huko wala kazi. Alibisha milango ya watu wa tamthilia, akajaribu kuimba, sauti ikavunjika kwa kubalehe. Akajaribu densi, mwili ukakataa. Alilala njaa siku nyingi, lakini kurudi Odense akakataa katakata.

Bahati yake ilikuwa Jonas Collin, mmoja wa wakurugenzi wa Jumba la Tamthilia la Kifalme. Collin aliona kitu ndani ya kijana huyu, akamtafutia karo kutoka hazina ya mfalme. Kwa hivyo 1822 Andersen alirudi darasani akiwa na miaka 17, akaketi na watoto wadogo kabisa. Hebu piga picha: wewe na ndevu zinazoanza kuota, jirani yako wa dawati ana miaka 11. Mwalimu mkuu wake, Simon Meisling, alimdhalilisha mbele ya wenzake na kumkatisha tamaa ya kuandika. Andersen aliendelea kumwona katika ndoto mbaya hata uzeeni.

Lakini aliandika. Mwaka 1835 alitoa riwaya iliyompa jina, na mwaka huohuo akachapisha kijitabu chake cha kwanza cha hadithi za watoto. Zilifuata hadithi zaidi ya 150. Ile ya kifaranga ilitoka 1843, na mwenyewe alikiri kwamba ilihusu maisha yake.

Hapa ndipo nataka tubishane kidogo. Ukiikumbuka vizuri, kifaranga yule hakukubaliwa kamwe na bata waliomdonoa. Alikubaliwa baada ya kugeuka batamaji, ndege mweupe anayependeza kuliko wote. Sasa je, kama angekua akabaki vilevile, angestahili kudonolewa? Hadithi hiyo inafariji, lakini inaweza kutufunza vibaya kwamba mtu tofauti lazima kwanza awe staa ndipo tumpe nafasi.

Ndiyo maana mimi napenda zaidi ile ya askari wa bati, ya 1838. Askari 25 wa kuchezea walitengenezwa kutokana na kijiko kimoja cha bati. Bati likaisha kabla ya wa mwisho kukamilika, akatoka na mguu mmoja. Huyo ndiye anayeanguka dirishani, anasafiri kwa mashua ya karatasi ndani ya mtaro, anamezwa na samaki, kisha anajikuta tena nyumba ileile. Mwishowe anatupwa motoni. Katika safari hiyo yote hapati mguu wa pili, wala hauhitaji. Ni shujaa hivyohivyo alivyo.

Andersen mwenyewe je? Umaarufu ulimjia, akala meza moja na wafalme. Mwaka 1867 mji wa Odense ulimpa heshima ya uraia wake na taa zikawashwa mji mzima kwa ajili yake. Hata hivyo hakuwahi kuoa, na upweke haukumwacha. Mwaka 1857 alimtembelea mwandishi Charles Dickens kule Uingereza, akakaa wiki tano badala ya mbili. Familia ilimchoka, na Dickens akaacha kujibu barua zake. Mtu aliyependwa na watoto wa dunia nzima alikuwa bado mgeni asiyejua amekosea wapi.

Alifariki tarehe 4 Agosti 1875 akiwa na miaka 70. Leo siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto.

Basi kuna yule msee mtaani kwenu, mwenye kigugumizi, ama anayetembea kwa mkongojo, ama anayeongea peke yake akitunga vitu vyake. Huenda asiwe maarufu kamwe. Huenda asigeuke batamaji wa mtu yeyote. Msalimie tu leo, na umpe nafasi kwenye benchi.